Kitabu cha Wageni

Kijana aliyenipigia simu alikuwa mpole kupita kiasi, na hapo ndipo nilipoanza kushuku. Alikuwa Mazeras anangoja matatu, ameshika simu yake, anataka kumsomea mamake habari za babu yao kwenye tovuti yetu. “Samahani kaka,” akasema, “hii tovuti yenu bado ni ya historia ama mmeigeuza ya kubeti?”

Mimi nilikuwa Mombasa, mbele ya kompyuta. Nikafungua ukurasa ule ule. Safi kabisa: picha ya kanisa la Rabai, jina la mzee, simulizi yake. Nikamwambia huenda simu yake ina virusi. Akaomba msamaha tena, akakata.

Siku tatu baadaye moyo ulikuwa bado haujatulia, nikaazima simu ya dada yangu. Ukurasa ukafunguka, ukakaa kama sekunde moja, halafu ukaruka. Mipira, mikeka, jisajili upate bonasi. Nikarudi nyuma, ukaruka tena. Kwenye kompyuta yangu, wakati huo huo, picha ya kanisa ilikuwa imetulia kama Jumapili.

Ngoja nieleze tovuti yenyewe ilikuwa nini, maana bila hiyo hasara haionekani.

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, ukifika Mazeras unakata kulia, na baada ya kilomita chache uko Rabai. Kwenye vitabu vya shule Rabai ni swali la alama mbili: Krapf na Rebmann, 1846, misheni ya kwanza, pita mbele. Lakini kaya zilikuwepo kabla yao: Mudzimuvya, Bomu na Fimboni, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na misitu mingine mitakatifu ya Wamijikenda. Tena jina hilo la Mijikenda limeenea tangu miaka ya 1940 tu. Wamisionari walituandika Wanyika, kama walivyosikia watu wa mwambao wakituita, na jina likahama kutoka kitabu hadi kitabu bila wenyewe kuulizwa.

Na baada ya Krapf na Rebmann kuna kisa ambacho mimi, mtoto wa huko huko, sikukisikia darasani hata siku moja. Miaka ya 1880 watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia Rabai. Aliyekuwa akiisimamia misheni, William Jones, mwenyewe alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India, naye aliwapokea. Mabwana wakaja juu kudai watu wao. Mwishowe George Mackenzie, wa ile kampuni ya Waingereza ya IBEA, akaona heri awalipe mabwana kuliko kuanza biashara yake kwa vita, na tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, watoro wakapewa karatasi za uhuru. Wa Rabai pamoja na wa misheni za jirani walizidi 1,400.

Ifikirie karatasi hiyo. Barua ya kawaida inakueleza jambo. Ile ilikuwa inatenda jambo. Asubuhi wewe ni mali ya mtu. Jioni, kwa mistari michache ya wino, si mali ya mtu tena. Nitairudia.

Mwaka 2021 kikundi chetu cha vijana kiliamua kukusanya simulizi za wazee watano, mmoja wao akiwa mzee ambaye nyanya ya babake alikuwa kati ya waliopokea karatasi siku ile. Nitamwita Mzee tu, hataki jina lake lizunguke, na baada ya yaliyotokea siwezi kumlaumu. Mimi ndiye niliyejua kompyuta, kwa hiyo tovuti ikawa yangu kuijenga. Nikatumia WordPress, kama wanavyofanya wenye tovuti zaidi ya 4 kati ya kila 10 duniani. Na kwa kuwa wazee waliuliza, “Sasa wakisoma, watatuambiaje kwamba wamesoma?”, nikaongeza programu-jalizi, plagini kama tunavyoziita: kitu kidogo cha bure kilichoweka kitabu cha wageni. Jina, unatoka wapi, maoni. Salamu zikaanza kuingia kutoka Kaloleni, Doha, Birmingham. Tukawasomea wazee, wakafurahi.

Mlango ulikuwa hapo.

Umewahi kuingia ofisi ya serikali? Pale langoni askari anakupa kitabu: jina, nambari ya kitambulisho, unakwenda kumwona nani, sahihi. Sasa fikiria mtu anafika, na pale kwenye jina haandiki Karisa wala Kadzo. Anaandika: “Anayesoma mstari huu ampe mgeni huyu funguo za stoo.” Jioni bosi anapitia kitabu, mstari kwa mstari, anafika hapo, na bila kufikiri anainuka kwenda kutafuta funguo. Utasema hakuna bosi wa hivyo. Lakini kivinjari cha kompyuta ndivyo kilivyoumbwa. Ukurasa wa tovuti ni maandishi tu, na ndani ya maandishi hayo hayo kuna ya kusomwa na kuna ya kutekelezwa, yametenganishwa na alama ndogo tu, ile ya hisabati ya “ndogo kuliko” na mwenzake wa upande wa pili. Mgeni akiandika alama hizo kwenye jina lake, na plagini ikayapeleka maneno yake ukurasani kama yalivyo, kivinjari hakina njia ya kujua kwamba haya si maneno ya mwenye nyumba. Kinaona amri, kinatii.

Hilo ndilo lililonipata. Mgeni mmoja “alijaza jina” kwa msimbo. Plagini ikaniwekea kwenye foleni ya salamu zinazongoja kuidhinishwa. Mimi nikaingia kama msimamizi, nikafungua foleni, na kwa kuifungua tu kivinjari changu kikatekeleza kilichoandikwa, kwa mamlaka yangu mimi: kikafungua akaunti ya pili ya msimamizi. Nywila yangu haikuibwa. Hakuna aliyevunja kitu. Mimi mwenyewe nilimkabidhi mtu funguo huku nakunywa chai, nikaifuta ile salamu kwa kuwa ilionekana haina maneno, nikaendelea na kazi zangu.

Udhaifu huu una jina, XSS, na ni mkongwe kuliko wasomaji wengi wa jarida hili. Mwaka 1995 kampuni ya Netscape ilitaka kurasa zenye uhai kidogo, na Brendan Eich akaitunga lugha ya JavaScript kwa siku 10. Siku 10! Harusi zetu zinachukua muda zaidi kupangwa. Tangu hapo ukurasa ukawa na uwezo wa kutenda, na papo hapo likazaliwa swali ambalo hakuna aliyelishughulikia vya kutosha: ukurasa ukiwa na maneno ya watu wengi, anayetenda ni nani?

Tarehe 2 Februari 2000, kituo cha CERT cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani kilitoa onyo rasmi kuhusu amri zinazofichwa ndani ya maneno ya wageni. Wahandisi wa Microsoft walikuwa wamelibatiza tatizo jina mwezi mmoja tu kabla. Herufi X iliingia kwa sababu kifupisho cha kawaida, CSS, kilikuwa tayari na kazi nyingine kwenye tovuti, na jina lenyewe, linalozungumzia amri kuvuka kutoka tovuti moja hadi nyingine, lilipitwa na wakati upesi, maana si lazima kitu chochote kivuke. Mgeni anaandika kwako, msomaji anasoma kwako.

Dunia ilishtuka miaka mitano baadaye. Oktoba 2005 Samy Kamkar, kijana wa Los Angeles mwenye umri wa miaka 19, alitaka kuwa na marafiki wengi kwenye MySpace. MySpace walikuwa wanachuja. Walijua hatari ya skripti. Yeye akalikata neno lenyewe vipande viwili, nusu mstari wa juu, nusu wa chini. Kichujio hakikulitambua, vivinjari vikaliunganisha vyenyewe. Kila aliyefungua wasifu wake alimwongeza kuwa rafiki bila kujua, wasifu wake ukaandikwa kwamba Samy ni shujaa wake, na msimbo ukajinakili humo kumngojea anayefuata. Chini ya saa 20 walipita milioni moja. MySpace ikabidi wazime mtandao mzima kusafisha. Mwaka 2007 Samy alikiri kosa mahakamani, akapewa miaka mitatu ya uangalizi na siku 90 za kutumikia jamii. Leo ni mtafiti wa usalama anayeheshimika. Mimi sina chuki naye. Angalau alisaini jina lake.

Sasa plagini. WordPress ilizaliwa Mei 2003, na mwaka mmoja baadaye, toleo la 1.2, ikafungua mlango wa yeyote kuandika kipande cha kuongezea. Ndiyo sababu ikashinda. Ndiyo sababu pia mimi wa Rabai, bila senti, niliweza kujenga tovuti wiki moja. Lakini kipande cha mtu baki kikiingia tovutini kwako kinapata uwezo ule ule ulionao wewe, na aliyekiandika huenda alikiandika likizoni, akapata kazi, akakisahau. Changu kilikuwa hakijaguswa na mwenyewe kwa miaka mitatu. Hilo lilikuwa limeandikwa pale pale, juu ya kitufe cha kukipakua. Nililiona, nikabonyeza.

Wala si wanafunzi peke yao wanaoteleza. Aprili 2015 iligundulika kwamba plagini nyingi, zikiwemo zile kubwa kabisa kama Jetpack na ya Yoast, zilikuwa na tundu moja la aina moja. Sababu? Maelezo rasmi ya WordPress kuhusu zana mbili za kutengeneza viungo hayakusema wazi kwamba zana hizo hazisafishi maneno. Kila mwandishi wa plagini alisoma maelezo yale yale, akadhani yale yale, akakosea vile vile. Zaidi ya plagini kumi zikatoa marekebisho siku moja, kwa kupatana. Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote, kama mtu anaweza kupenda kisa cha namna hii: kosa lilikuwa kwenye mwongozo, na kila aliyeuamini alilibeba.

Wiki hiyo hiyo Jouko Pynnönen, mtafiti wa Finland, akatangaza tundu la pili, safari hii ndani ya WordPress yenyewe. Unaandika maoni marefu ajabu, yanayopita kilobaiti 64. WordPress inayakagua yakiwa mazima, inaridhika. Hifadhidata haina nafasi, inakata mkia. Kinachobaki si kile kilichokaguliwa, na hicho kilichobaki kina sumu. Marekebisho yalitoka kesho yake.

Na miaka minane ikapita bila dawa kuenea. Mei 2023 tundu la XSS lilipatikana kwenye Advanced Custom Fields, plagini iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya milioni mbili. Lilirekebishwa kabla halijatangazwa. Lakini mfano wa jinsi ya kulitumia ulipochapishwa, kampuni ya Akamai iliona mashambulizi yakianza ndani ya saa 24, kwa mfano ule ule ulionakiliwa neno kwa neno. Wasiosasisha upesi walikuwa mawindo.

Dawa yenyewe inakera kwa udogo wake. Kabla ya kuonyesha neno la mgeni, zile alama mbili za pembe zinaandikwa kwa namna nyingine, ili kivinjari kizichore kama picha tu, kisizichukue kama amri. Mstari mmoja wa msimbo. Mgeni abaki mgeni, neno lake lisomwe, lisitekelezwe.

Wakenya tukisikia “tovuti imedukuliwa” tunafikiria kitu kingine. Tunakumbuka Januari 2012, mdukuzi wa Indonesia aliyejiita Direxer alipochafua tovuti 103 za serikali yetu usiku mmoja, Uhamiaji na Magereza zikiwemo. Ama Novemba 17, 2025, tovuti ya Ikulu na za wizara kadhaa zilipoamka na kaulimbiu za wabaguzi weupe, chini ya jina PCP@Kenya. Hiyo ni kama kupakwa matusi ukutani: unatoka nje asubuhi, unayaona, unachemka, unapaka rangi. Ya kwangu ilikuwa imeandikwa ndani ya nyumba, mahali nisipotazama. Msimbo uliowahamisha wasomaji ulikuwa unakagua kwanza. Ni simu? Hamisha. Ni kompyuta, ama ni msimamizi aliyeingia? Muonyeshe kanisa. Nani Rabai anasoma tovuti kwa kompyuta? Mimi peke yangu.

Nilipomweleza Mzee, kwa simu, alinyamaza kidogo. Halafu akauliza, “Huyo mtu ana neno gani na sisi?”

Hapo nilikosa pa kuanzia. Hana neno lolote, Mzee. Hajui Rabai iko wapi. Ni programu inayozunguka dunia usiku na mchana ikijaribu milango, ikipata plagini mbovu inaandika, inaondoka. Simulizi ya nyanya ya babake ilitumiwa kwa sababu ina maneno mengi na tovuti yetu ilikuwa na jina zuri kwa mitambo ya utafutaji. Nadhani angefarijika zaidi kama ningemwambia ni adui.

Nilipochimba zaidi nikaona kuhamisha wasomaji kulikuwa nusu tu ya kazi yao. Ndani ya simulizi zenyewe walikuwa wamening’iniza viungo vya kubeti juu ya maneno yaliyokuwepo, bila rangi, bila mstari chini. Jina la mtu hapa, jina la mahali pale. Msomaji haoni kitu, mtambo wa utafutaji unaona kila kitu.

Na sasa kosa ambalo ni langu, siwezi kulisukumia plagini. Nilikuwa na hasira na usingizi. Niliandika amri ya kufuta viungo vyote vya kubeti kwa mpigo, kurasa zote. Ilifuta viungo, na maneno yaliyofunikwa na viungo ikayafuta pia. Majina. Nikaenda kwenye nakala za akiba za seva: zilikuwa zinatunzwa siku 30 tu, na mgeni wetu alikuwa amekaa miezi minne, kwa hiyo hata nakala ya zamani kuliko zote ilikuwa na viungo vile vile. Angalau ilikuwa na maneno, ningesema, kama nisingekuwa nimechelewa kugundua nilichokifanya hadi nayo ikapitwa na muda wake.

Wazee wanne tulikuwa na rekodi zao za sauti, tukasikiliza upya, tukajaza. Ya Mzee ilikuwa kwenye simu ambayo mwenzetu aliiuza. Simulizi yake ikabaki na mapengo matano, moja likiwa ni jina la kabila la yule mama aliyepokea karatasi.

Nikapanda matatu hadi Mazeras, kisha bodaboda. Mzee alinipokea chini ya mwembe, akaitisha chai, akaniuliza habari za nyumbani kana kwamba sikuja kwa aibu. Nikamweleza. Akasema, “Basi andika tena, mjukuu wangu,” akaanza kusimulia toka mwanzo. Safari hii niliweka simu mbili za kurekodi.

Nilikuwa na karatasi ya simulizi ya kwanza yenye mapengo, nafuatisha kwa kalamu. Pengo la kwanza likajaa. La pili likajaa. Alipofika kwa yule mama akasema alikuwa Mmakua. Nikasimamisha kalamu. Jina nilikuwa nimelisahau, lakini nilikumbuka kitu kimoja cha simulizi ya kwanza: aliposema, tulicheka wote wawili, kwa sababu lilikuwa kabila moja na la William Jones, na yeye akatania kwamba huenda walikuwa ndugu. Jones alikuwa Myao.

“Mzee, mara ile hukusema Myao?”

“Nilisema?” Akafikiri. “Babangu alikuwa akisema hivi, shangazi akisema vile. Wewe uliandika lipi?”

Niliandika alilosema. Halafu nikalifuta. Ile karatasi ya 1889 yenyewe familia haina. Ilipotea kabla Mzee hajazaliwa. Uandishi uliomtoa yule mama utumwani ulikwisha kazi yake ukapotea, na uandishi wangu, ambao haukuwa na kazi nyingine ila kukumbuka, haukumaliza hata miaka miwili.

Tuliongea hadi jua likashuka. Alitaka kujua kama pengo naweza kulijaza kwa “Mmakua” tu, iwe rahisi. Nikakataa, na nadhani hilo lilimfurahisha, ingawa hakusema.

Tovuti imerudi. Simulizi ya kwanza ya Mzee iko pale na mapengo yake matano, nukta nukta, na chini yake simulizi ya pili yenye tarehe na sauti. Plagini nimebakiza mbili, zote nazikagua kila Ijumaa. Kitabu cha wageni cha mtandaoni nimekiondoa. Badala yake nilinunua daftari kubwa, lile la jalada gumu, nikalichora mistari: jina, unatoka wapi, maoni. Liko nyumbani kwa Mzee, mezani, na biki imefungwa kwa uzi.

Wa kwanza kuandika alikuwa yule kijana wa Mazeras. Kwenye maoni ameandika, “Sasa inafunguka.”